Kirikuu yangu (pikapu ndogo ya mizigo) ilivyosafirishwa kutoka Dar mpaka Sengerema, huduma nzuri ila kuna jambo la vitunguu

Kwa wale mnaoishi mikoani mnaonunua gari Dar na hamna muda wa kwenda kuifuata wenyewe, naandika hii kwa ajili yenu, mimi nimetumia huduma ya kuletewa gari mwezi uliopita na nimejifunza mengi kwa hela yangu.

Nipo Sengerema, nafanya biashara ya dagaa, nachukua mzigo mwaloni, pale ziwani mitumbwi inaposhusha dagaa, naleta sokoni na mwingine unaenda Geita. Miaka yote nakodi guta au kirikuu za watu, na siku mzigo ukiwa mwingi wenye magari wanapandisha bei na wewe huna la kusema maana wingu limeshatanda na dagaa wakinyeshewa hasara ni ya kwako, sio ya mwenye gari. Mwaka huu nikasema basi, nanunua yangu. Nilikuwa nataka Suzuki Carry ya gia za mkono inayovuta tairi zote nne kwa sababu ya tope la mwaloni, Mwanza nimezunguka yadi zote ninazozijua sikuipata ninayoitaka, mwisho nikaiona kwenye picha za yadi moja ya Dar, milioni 13 na laki 4, ikiwa na namba na kadi. Mpwa wangu anaishi Mbagala, nikamwomba aende akaiangalie asubuhi injini ikiwa ya baridi kabisa, akaiwasha, akalala chini akaangalia kutu, akainua mpira wa miguuni, akanipigia vidio nzima. Gari ilikuwa safi. Yadi yenyewe sina la kusema sana, walisema kadi ya jina langu itatoka ndani ya siku 3 ikatoka siku ya 9, na walitaka hela yote kabla, mpwa akakataa akawaambia mamdogo analipa ya mwisho kadi ikiwa na jina lake na TIN yake, na risiti ya EFD mkononi. Wakakubali. Hapo palipita.

Sasa kazi ikawa kuitoa Dar kuileta huku, na hapa ndipo watu wengi tunapolizwa.

Yadi walinipa njia yao, "tuna dereva wetu mama, laki nne tu anakuletea mpaka mlangoni." Laki nne. Ukipiga hesabu ya mafuta peke yake, kilomita karibu 1,200, kirikuu inakwenda kama kilomita 14 au 15 kwa lita, ni lita 80 na kitu, na lita wakati ule ilikuwa karibu elfu tatu kadiri unavyotoka Dar, hapo umeshafika laki mbili na nusu. Bado nauli ya dereva kurudi Dar na basi, bado kula, bado kulala siku mbili. Sasa huyo dereva yeye anabaki na nini? Anabaki na gari yako, ndicho anachobaki nacho. Atapakia abiria, atapakia mizigo, atazunguka nayo mjini kwanza. Shemeji yangu wa Katoro aliletewa Toyota IST kwa bei ya hivyo hivyo mwaka juzi, ikafika na kilomita 1,900 kwenye odometa zaidi ya zile zilizokuwa kwenye picha za yadi, sasa Dar mpaka Katoro hata uende ukirudi nyuma hufikishi 1,900, na siti ya nyuma ilikuwa na tundu la sigara. Alipouliza yadi wakasema wao waliuza gari, mambo ya njiani amuulize dereva, na dereva simu haipatikani. Yaani muuzaji akishakuwa ndiye msafirishaji, gari ikipata tatizo hakuna wa kumwambia, huyu anasema lilitokea kule na yule anasema lilikuwepo tangu mwanzo. Ndio maana mimi nikaamua anayeniuzia awe mbali na anayenisafirishia, ili mmoja amkabidhi mwenzake na kila mmoja ajue gari ilikuwaje.

Niliulizia pia kupakia kwenye lori la Fuso linalorudi Mwanza tupu. Hii ni nzuri kwa kirikuu maana haitembei hata kilomita moja, ila niliambiwa milioni na laki moja, halafu inashushiwa Mwanza sio Sengerema, na haya magari hayana siku maalum, linasubiri mpaka mwenye Fuso apate mzigo wa kujazia. Nikaachana nalo.

Mwishowe nikapata hawa jamaa ambao kazi yao ni hiyo tu, kupeleka magari mikoani, wana ofisi ndogo Dar na madereva wachache. Jina lao silitaji hapa kwa sababu kuna lalamiko ninalo kuhusu kijana mmoja na nimelimaliza na bosi wake, sitaki kumharibia riziki. Bei laki sita na nusu kila kitu ndani, mafuta, nauli ya kurudi, kulala, kula. Nusu gari inapotoka, nusu ikifika mlangoni kwangu na mimi nimeikagua. Nilichompendea bosi wao ni kwamba kabla hata sijauliza alinitumia picha ya leseni ya dereva, ya kitambulisho chake cha NIDA, na karatasi ya makubaliano ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kueleweka. Imeandikwa humo: hakuna abiria, hakuna mzigo, hakuna kutembea usiku, spidi isizidi 80, faini za trafiki ni za dereva, na kila anapolala anatuma picha ya gari na odometa. Nikamuuliza hiyo 80 ni kwa nini, akaniambia mama hii injini ni ya cc 660, ukiikimbiza 100 kutoka Chalinze mpaka Shinyanga utaipokea ikiwa imechoka, hii inataka kutembezwa kama punda wa mzigo, inapumzishwa kila baada ya masaa mawili inaangaliwa maji. Mtu anayeongea hivyo ujue anaijua kazi.

Na hapa niwaambie alichofanya mpwa wangu, maana hili hakunifundisha mtu, nililiwaza usiku nikampigia. Nilimwambia anunue rangi ya kucha nyekundu, ile ya buku jero, apake kidoti kidogo kwenye betri, kwenye tairi ya spea, kwenye jeki, kwenye redio kwa pembeni na kwenye kila tairi upande wa ndani ambako mtu haangalii. Halafu apige picha kila kidoti. Alinicheka kidogo ila akafanya. Betri mpya kubadilishwa na ya zamani njiani ni jambo la dakika tano, na wewe huku utajua lini? Utajua gari ikigoma kuwaka baada ya mwezi. Rangi ya kucha haitoki kwa maji wala kwa mafuta, na mwenye kuiba betri hana habari na kidoti chenyewe.

Siku ya makabidhiano walikuwa watu watatu, mtu wa yadi, mpwa, na dereva. Wakazunguka gari pamoja, wakaandika mikwaruzo iliyokuwepo (miwili, mmoja kwenye bampa na mmoja mlango wa kushoto), geji ya mafuta, odometa, vifaa. Mpwa alikuwa ameshabadilisha oili na kuweka kulanti badala ya maji ya bomba, na alipitia maduka ya mtaa wa Gerezani, Kariakoo, akachukua kizimamoto na zile pembetatu nyekundu maana trafiki akikusimamisha cha kwanza anauliza hivyo. Bima tulikata kubwa tangu siku ya kwanza, na msikubali stika ya kuletewa mkononi tu, mpwa aliingiza namba ya gari kwenye TIRA-MIS, mfumo wa kuhakiki bima, akaona imesoma ndipo tukaruhusu gari itoke. Namba za usajili zilikuwa zimefungwa mbele na nyuma. Gari isitoke yadi bila namba jamani, hata wakikuambia dereva anajuana na watu njiani.

Ikatoka Jumatano saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hapo nikaanza siku mbili za kuangalia simu. Dereva alikuwa ameniwekea lokesheni ya WhatsApp, naiona nukta inasogea, Chalinze, Morogoro, Gairo, akisimama kupumzisha injini ananiandikia "mama tupo Gairo, maji yapo sawa, nakula." Saa kumi na moja jioni ameshaingia Dodoma, akalala, picha ikaja gari imepaki ndani ya geti la gesti, odometa inasomeka. Ile siku nililala vizuri sana.

Alhamisi ndiyo yenye kisa. Asubuhi Manyoni vizuri, saa tano na nusu Singida, halafu nukta ikaganda Singida kwa muda wa saa nzima na dakika arobaini. Nikapiga, akapokea, akasema anakula na anapumzisha gari. Sawa. Nikamuuliza mbona muda mrefu, akasema mama foleni ya chakula. Nikanyamaza ila moyo haukutulia. Baadaye nukta ikaanza kusogea, Shelui, Igunga, Nzega, Tinde, jioni Shinyanga, akalala hapo na picha ikaja, ila safari hii picha ilipigwa kwa mbele tu, bodi ya nyuma haionekani. Nililiona hilo nikaliweka moyoni.

Ijumaa saa tano kasoro asubuhi nimesikia honi. Zamani mtu akitoka Usagara kuja huku anafika Kigongo anasubiri kivuko, siku ya bahati mbaya unakaa hapo mpaka unasahau ulikuwa unaenda wapi, sasa tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025 zile kilomita 3 za maji unazipita dakika chache tu, dereva alisema hajawahi kupita juu ya maji mengi namna ile, alisimama Busisi akageuka kuliangalia.

Gari ikasimama mbele ya duka, watoto wote wa mtaa wakajaa. Mimi sikusalimia sana, nikachukua simu yenye zile picha nikaanza kazi. Kidoti cha betri kipo. Spea kipo. Jeki kipo. Redio, tairi zote nne, vyote vipo. Mikwaruzo ni ile ile miwili. Odometa imeongezeka kilomita 1,206. Injini inanguruma taratibu, nikafungua mfuniko wa kulanti baadaye ilipopoa, imejaa. Kwa kweli nilifurahi, nikamwambia mwanangu karibu maji ya kunywa.

Ndipo nikapanda kwenye bodi.

Kwenye kona ya bodi, pale ambapo bati la sakafu linakutana na ukuta, kulikuwa na maganda ya vitunguu. Yale maganda membamba mekundu, yamejikunja kwenye kona zote mbili za mbele na mengine yamenasa kwenye bawaba ya mlango wa nyuma. Bodi ilikuwa imeoshwa, bado ina unyevu, ila maganda ya kitunguu ukiyamwagia maji yanaganda kwenye bati kama karatasi, hayatoki mpaka uyatoe kwa kucha. Nikachukua moja nikaliweka kiganjani nikashuka nikamwonyesha. Sikumfokea. Nikamwambia mwanangu, mimi nabeba dagaa, vitunguu nabebaga lini?

Akainamisha kichwa. Akasema mama nisamehe, Singida kuna mtu alikuwa na magunia manne ya kupeleka Shinyanga, akanipa elfu themanini.

Jamani sikilizeni kwa nini hili limeniuma. Sio elfu themanini. Gunia la vitunguu lina kilo mia au zaidi, manne ni mia nne na kitu, na hii gari kutoka kiwandani imeandikiwa kubeba kilo 350. Najua huku kwetu tunazidisha, mimi mwenyewe nitaibebesha, ila nitaibebesha nikiwa nimeshafungua breki nikazikagua na kwa safari ya kilomita 30 sio ya 300. Na kutoka Singida kwenda Igunga unateremka mlima Sekenke. Yaani kijana ameteremka Sekenke na magunia manne nyuma, kwenye gari aliyoijua kwa siku moja na nusu, breki zake hazijui, na bima niliyokata ni ya gari inayosafiri tupu. Angedondoka pale nani angenijibu, na mama yake angeambiwa nini? Zile gari za IT, yaani zinazopita tu nchini kwenda Zambia na Kongo, serikali imekataza zisibebe abiria kwa sababu ya mambo haya haya, watu wamekufa sana kwa tamaa ya elfu kumi kumi za njiani.

Nikampigia bosi wake pale pale, nikamtumia na picha ya maganda. Na hapa nitasema ukweli wote, huyu bosi ni mtu. Hakubishana, hakusema vitunguu vilikuwepo tangu yadi, maana picha za yadi zilikuwa zinaonyesha bodi kavu safi kabisa na yeye mwenyewe alikuwa nazo. Akaongea na kijana kwa dakika kama kumi, kisha akanipigia akasema dada yangu makubaliano yamevunjwa na wa kwetu, kwenye ile nusu iliyobaki kata laki moja, na gari ipeleke kwa fundi wako leo aangalie breki na springi za nyuma, kukiwa na kitu nitalipa mimi. Fundi aliangalia, hakuna kilichoharibika. Nikatuma laki mbili na ishirini na tano badala ya laki tatu na ishirini na tano.

Kingine, kabla kijana hajaondoka niliingia kwenye mfumo wa trafiki nikacheki deni kwa namba ya gari. Ikasoma 30,000, spidi, siku ya Jumatano, kwenye kibao cha 50. Hakuniambia hilo pia. Alisema alikuwa anasubiri afike ndipo alipe, na akalipa hapo hapo kwa simu nikaona deni limefutika. Hili fanyeni kabla dereva hajapanda basi, maana deni linakaa kwenye gari sio kwa dereva, na ukisimamishwa mwezi ujao ni wewe utakayelipa.

Sasa nikiulizwa nawapa ngapi, nawapa 4 kati ya 5, na kuna ndugu zangu wameniambia nimekuwa mpole. Naomba waelewe. Gari imefika siku waliyosema, haijaguswa kitu hata kimoja, kilomita ni za njia tu, nililala usiku mbili nikijua ipo wapi, na kosa lilipotokea mtu mkubwa alipokea simu na akalipa. Wangapi mmetumia huduma Dar mkapata mtu wa kupokea simu kesi ikishakuwa kesi? Ile 1 niliyokata ni ya Sekenke, na siirudishi.

Kama una ndugu wa kwenda kuifuata na kuiendesha mwenyewe na ni dereva mzuri, fanya hivyo, itakugharimu kidogo chini ya hapo. Kama gari yenyewe ni ya milioni hamsini huko nadhani pakia kwenye lori tu. Ila kwa gari kama hii, na mtu kama mimi ambaye nikifunga duka siku tano wateja wangu wanahamia kwa jirani, laki sita na nusu ni hela ya haki.

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri nilikuwa mwaloni na gari yangu, vijana wa kubeba wakaanza kupiga makofi, "mayu umefika!" (mayu ni mama kwa Kisukuma). Tukapakia magunia sita ya dagaa, mepesi yale, na kulikuwa na wingu upande wa ziwa na sikulitazama mara mbili.

Dada yangu wa Geita naye anataka ya kwake, tumeshaongea na yule bosi. Nimemwomba amtume kijana yule yule, maana njia anaijua na alilia pale dukani nikaona machozi yake ni ya kweli. Kwenye karatasi ya makubaliano tumeongeza mstari: picha ya bodi ya nyuma itumwe Dodoma, Singida na Shinyanga, ikiwa wazi, mlango umefunguliwa.